Mwili ukianza kulalamika msimu wa pilika: dalili, sababu, na pa kuanzia

Dodoma ina misimu yake ya kuchosha watu. Januari mvua zimeshika, shamba la Mpunguzi au Hombolo linadai palizi, watoto wanafungua shule na sare zimewabana, na dada wa kazi aliyekwenda kwao Krismasi bado "yuko njiani". Kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni Bunge la Bajeti linakaa: mtumishi anarudi saa tatu usiku, mama lishe anaamka saa tisa kwa sababu wateja wameongezeka, na kila nyumba yenye chumba cha ziada ina mgeni. Bajeti haijaisha, uwele na mtama vinataka kuvunwa. Agosti na Septemba wenye zabibu wako shambani. Desemba ndugu wanakuja.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na misimu hiyo malalamiko ninayopokea ni yale yale. Watu wananiuliza kama wamezeeka ghafla, kama wamelogwa, kama wana roho mbaya. Mara nyingi nikikaa na mtu nusu saa naona mwenyewe hana kasoro. Kilichoharibika ni mgawanyo wa mzigo nyumbani. Lakini wapo pia ambao ni wagonjwa kweli, na pilika zimewaficha.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Anza juu, jaribu kwa siku nne au tano, ndipo ushuke.

Ukiwa na moja ya haya, acha kusoma uende hospitali sasa

Kifua kinabana kwa uzito na maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au mkononi. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au ulimi umekuwa mzito ghafla. Kichwa kimepasuka kwa maumivu ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata. Ni mjamzito, au umejifungua ndani ya wiki sita, na kichwa kinauma huku macho yanaona ukungu, au uso na mikono vimevimba. Unawaza kujiua au kumdhuru mtoto. Haya hayasubiri Jumatatu wala mwisho wa mwezi.

Dalili: unaamka saa nane usiku na usingizi haurudi

Hii naisikia kuliko zote, na hapa kwetu sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni maji.

Mtaa wenye mgao mara nyingi hupata maji usiku. Mwenye nyumba anajua yakimpita amekosa hadi zamu nyingine, kwa hiyo analala sikio likiwa bombani. Nimeishi nyumba ya namna hiyo. Bomba linaanza kukoroma, linatema upepo, kisha maji yanapiga kitako cha pipa tupu kama ngoma. Unaruka kitandani bila kandambili. Pipa likikaribia kujaa mlio unakuwa mwembamba, na hapo ndipo unahamishia mpira kwenye madumu, moja baada ya jingine, ukiwa umefunga kitenge na jicho moja limefumba. Ukirudi kitandani ni saa tisa na nusu na miguu ni ya baridi. Mwili ukishazoeshwa kuamka saa nane siku za mgao, utaamka saa nane hata siku ambazo bomba ni kavu, halafu utalala macho wazi ukidhani una mawazo.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa wiki mbili weka alama kwenye kalenda siku za maji, na alama nyingine siku ulizoamka. Zikifuatana, umepata sababu. Dawa ya kwanza ni kumwita fundi bomba afunge boya kwenye tanki, lile linaloziba lenyewe maji yakijaa, na mpira ukae umeunganishwa tangu jioni. Asiye na tanki apange zamu: leo baba, zamu ijayo mama, nyingine kijana mkubwa, na asiye zamu alale chumba cha mbali na bomba. Najua baadhi ya nyumba baba hajawahi kukinga maji tangu aoe. Aanze.

Kama si maji, angalia chai na kahawa. Kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni, karibu nusu yake bado iko mwilini saa nne usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva na wanafunzi wanavinywa wakati wa pilika vina kafeini hiyo hiyo, tena na sukari juu. Hamisha kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana, uone wiki itakuwaje.

Baada ya hapo njoo kwenye simu. Kundi la kikao cha harusi linawaka hadi saa sita usiku, na kila ujumbe unakukumbusha mchango ambao hujatoa. Simu ilale sebuleni. Kama inakuamsha alfajiri, nunua saa ya mezani.

Mawazo ya hela nayaweka nafasi ya nne, ingawa watu huanza nayo. Mawazo huwa yanasubiri mwili uamke kwa sababu nyingine ndipo yaingie. Kabla ya chakula cha jioni, chukua daftari uandike kila kinachodaiwa na tarehe yake: sare, kodi, mbolea, vikoba. Kilichoandikwa hakihitaji kukumbukwa saa nane usiku. Ukiamka na dakika ishirini zikapita hujalala, usigeukegeuke. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu hadi macho yalegee. Na asubuhi amka saa ile ile ya kila siku, hata kama ulilala vibaya.

Mwisho kabisa, kama kinachokuamsha ni haja ndogo mara nyingi kila usiku, na mchana una kiu isiyokatika, nenda ukapime sukari.

*Simama hapa:* kama unakosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki na mwezi umepita, au unakoroma hadi anayelala nawe anaona pumzi inakatika, nenda kituo cha afya. Usinunue dawa za usingizi kiholela. Nyingine zinaleta utegemezi, na kuziacha ni kazi kubwa kuliko ule usingizi wenyewe.

Dalili: unaamka umechoka kuliko ulivyolala

Sababu ya kwanza haina siri: hulali saa za kutosha. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mama anayelala saa tano usiku akaamka saa kumi alfajiri kuandaa watoto amelala saa tano tu, na akifanya hivyo Jumatatu hadi Ijumaa anadaiwa usingizi wa karibu usiku mzima na nusu. Hesabu kwa vidole kabla hujaanza kutafuta ugonjwa.

Ya pili ni chakula, na hapa nitakaa kidogo. Msimu wa pilika akina mama wengi wanapika kwa ajili ya wengine. Asubuhi ni chai ya rangi na andazi, mchana hakuna, usiku ni ugali na maji ya mboga baada ya watoto kumaliza nyama. Siku tatu za hivyo mtu hawezi kupanda ngazi. Tunao uwele, mtama, karanga, alizeti, maziwa ya mgando na mlenda, vyakula ambavyo bibi zetu walilimia navyo jua kali. Chemsha uji wa uwele wa kutosha jioni, tia karanga zilizotwangwa, weka kwenye chupa ya chai. Asubuhi unamimina kikombe chako *kabla* ya kumwaga cha wengine. Nasema kabla, kwa sababu nimeona mara nyingi baada hakifiki.

Ya tatu ni upungufu wa damu. Unashuku hivyo kama moyo unadunda ukibeba ndoo moja, ukiinuka unaona kizunguzungu, ukivuta kope ya chini ndani kumepauka badala ya kuwa kwekundu, au unatamani kula udongo. Hedhi nyingi, kuzaa kwa kufuatana na minyoo ndiyo huwa mizizi yake. Zahanati wanapima wingi wa damu kwa tone la kidole. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu.

Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, vimeze siku zote ulizoandikiwa, hata choo kikiwa cheusi. Hiyo ni kawaida yake. Nyumbani ongeza maharage, dagaa na mboga za majani, na kunywa juisi ya ubuyu au kula chungwa pamoja na chakula, maana vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga. Chai iache hadi saa moja ipite baada ya kula, kwa sababu inayazuia. Ubuyu unaanguka wenyewe hapa Dodoma, halafu watu wananunua soda ya rangi nyekundu wakiamini inaongeza damu. Haiongezi.

*Simama hapa:* uchovu pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku au kupungua uzito, kapime kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure vituo vya serikali. Uchovu pamoja na homa, pima malaria kabla ya kumeza chochote.

Dalili: kichwa kinauma kila jioni

Ukame wa Dodoma unadanganya. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, unadhani hujapoteza maji. Wengine hawanywi kwa makusudi, kwa kuogopa kutafuta choo njiani au sokoni. Mama mmoja muuza nyanya aliniambia ananywa kikombe kimoja cha maji tangu alfajiri hadi jioni, kwa sababu choo cha karibu ni cha kulipia. Tazama mkojo: ukiwa na rangi ya chai, kichwa chako kinaomba maji. Chupa ya lita moja na nusu ijazwe asubuhi na iwe tupu kabla ya magharibi. Hela ya choo iwekwe kwenye hesabu za biashara kama nauli.

Sababu inayofuata ni njaa, nimeshaieleza. Kisha macho: fundi cherehani au mwalimu aliyevuka miaka arobaini, anayesogeza maandishi mbali ili asome, anahitaji miwani kabla ya dawa.

Kisha dawa zenyewe. Kuna watu wanameza panado kila siku ili wamalize kazi. Ukizitumia siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, dawa inageuka kuwa sababu ya kichwa. Vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa ishirini na nne, na huo ndio ukomo kwa mtu mzima mwenye ini zima. Usiufanye dozi ya kila siku. Diclofenac ni kali zaidi. Ukiimeza tumbo tupu mara kwa mara inachoma tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au mimba asiiguse bila kuandikiwa.

Na presha yenyewe. Kwa kawaida haiumi, ndiyo maana inakuta watu wamelala. Ukienda kupima, kaa kimya dakika tano kwanza, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa. Ukipata 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, anza kliniki. Ikifika 180/120, pima tena baada ya dakika chache. Ikiwa bado iko hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama unaumwa kichwa au kifua, au huoni vizuri, usiende kwa bodaboda peke yako.

Nakuomba pia uangalie jiko. Juni na Julai usiku wa hapa una baridi ya kweli, na familia zinaingiza jiko la mkaa chumbani kupasha joto, madirisha yamefungwa. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kama kichwa kinawauma *wote* ndani ya nyumba, na mkitoka nje kinapungua, si mafua. Toeni watu nje, fungueni madirisha, na aliyelegea au kutapika apelekwe hospitali. Sababu hii ni ya nadra kuliko zote nilizotaja hapa, lakini inaua familia nzima kwa usiku mmoja, kwa hiyo jiko lilale nje hata kama baridi inauma.

Dalili: unalipuka kwa kosa dogo

Mwaka juzi mama mmoja wa Nkuhungu alinionyesha mkono wa binti yake wa miaka minne. Ulikuwa na alama ya mwiko, nyekundu, imeinuka kidogo pembeni. Hakujaribu kuificha. "Alimwaga uji tu, dada," aliniambia. "Uji tu." Akarudia mara ya tatu, kisha akakaa chini.

Sababu ya kwanza ya hasira ya namna hii ni zile dalili mbili za juu, usingizi na njaa. Yeye alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Kwa hiyo ukijikuta sauti imepanda, jiulize haraka: nimekula saa ngapi, nimelala saa ngapi? Kama jibu ni baya, kula kwanza, kosa la mtoto litakusubiri.

Ya pili ni mlango. Mtu anatoka Mtumba au Sabasaba amesimama kwenye daladala, anafika nyumbani, na kabla hajavua viatu watu wanne wanamwambia mambo manne. Wekeni utaratibu: anayerudi anapewa dakika kumi. Ananawa miguu, anakunywa maji, anakaa. Ndipo habari za mwalimu, umeme ulioisha na kuku aliyepotea zinaletwa, moja moja. Watoto wanajifunza hili haraka kuliko watu wazima.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni mzigo uliokaa kichwa kimoja. Hapa maneno hayasaidii, kwa sababu kila mtu ndani ya nyumba anaamini anafanya kazi nyingi. Na yule mama tulichukua kikombe cha mahindi. Kila kazi ya nyumba ya wiki ile tuliipa punje moja na kuiweka kwenye fungu la anayeifanya: kukinga maji, kufua sare, kukumbuka siku ya kliniki, kumjibu mwalimu, kupeleka mchango wa msiba, kumpigia mama mkwe, kupalilia, kusaga, kumwamsha kila mtu. Tuliweka hata zile za kukumbuka, kwa sababu kukumbuka ni kazi. Fungu lake lilifika punje ishirini na tatu. La mumewe lilikuwa na nne. Kijana wao wa miaka kumi na miwili alikuwa na moja, ya kufunga mbuzi.

Mumewe alipoingia alitukuta bado tumeinamia meza. Aliuliza, "Hayo mahindi ya nini?" Mkewe akamweleza bila kupandisha sauti. Alisimama muda, akaangalia mafungu, akavuta punje sita kwake, mbili akampa kijana. Halafu akaokota moja, ile ya kikao cha harusi ya binamu yao, akairudisha kwenye kikombe. "Hii mwaka huu tunaiacha," akasema. Mimi nisingethubutu kulisema hilo. Alilisema mwenye nyumba.

Fanya hesabu hiyo mwanzoni mwa msimu, kabla ya kuchoka. Nyumba yenye dada wa kazi, mpe naye fungu lake. Nimeona nyumba ambako mama alipumzika kwa kumhamishia binti wa watu punje zote, na baada ya mwezi binti akaondoka usiku. Wanaofanya peke yao, mjane, au mama ambaye mumewe yuko mbali, mafungu yao watayagawa na jirani: wewe unawachukua watoto wote shuleni Jumatatu na Jumatano, mimi siku nyingine. Na punje nyingine zirudi tu kwenye kikombe.

Sababu ya nne ni pombe. Anayekunywa ili atulie analala vibaya na kuamka na hasira zaidi, na msimu wa mavuno pombe haikosekani. Kama hawezi kupitisha siku tatu bila kunywa, au mikono inatetemeka asubuhi, asiache ghafla peke yake. Kwa mnywaji mkubwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Aende akaachishwe na wataalamu.

*Simama hapa:* kama umeumiza mtoto au mwenzi, au unaogopa utaumiza, muache mtoto mahali salama, toka nje, mwite mtu mzima mwingine. Kama wewe ndiye unayepigwa, huo si uchovu wa msimu na hesabu ya mahindi haitautibu. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mambo ya mtoto, namba 116 ni ya bure na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Polisi ni 112.

Dalili: unasahau kila kitu

Umeacha maharage jikoni, umesahau siku ya chanjo, umeingia chumbani hujui ulifuata nini. Kwa mtu wa makamo aliye katikati ya pilika, karibu kila mara ni usingizi na wingi wa mambo. Andika, na bandika karatasi moja mlangoni ambayo wote wanaisoma. Kwa mzee ni jambo jingine: akianza kupotea njia aliyoizoea, au kuchanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja mbili, mpelekeni hospitali, kwa sababu kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi kuna maambukizi, ukosefu wa maji au dawa nyuma yake.

Dalili: baba amenyamaza

Wanaume hawaji kuniambia wana huzuni. Wanasema mgongo. Wanasema tumbo. Au hawasemi, wanaanza tu kurudi wakati watoto wamelala.

Ninalolikuta mara nyingi ni hela: ameahidi kitu ambacho hakipo, na anakwepa nyumba kwa sababu nyumba inamkumbusha. Lile daftari la madeni lifunguliwe wote wawili mkiwa mezani, mchana, mkiwa mmekula. Usiku wa manane hesabu zote zinaonekana kubwa.

Linalofuata ni upweke, na Dodoma tunao mwingi tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016. Watumishi wengi walikuja wakaacha wake au waume, watoto na wazazi Dar es Salaam. Wengine waliwaleta, lakini shangazi, bibi na jirani wa miaka ishirini walibaki kule. Nyumba nzuri ya Kisasa au Ilazo, geti refu, na hakuna anayejua kama umeugua. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imesaidia, mtu anakwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, lakini wikendi ya namna hiyo nayo ni pilika. Ninachowaambia ni hiki: kabla msimu haujaanza, jua majirani watatu kwa majina na namba za simu, na wajue wako. Ingia kwenye jumuiya, msikiti, kwaya, kikundi cha mazoezi, popote ambapo usipoonekana mara mbili mtu atauliza.

Ukimya uliodumu wiki mbili, pamoja na kutokufurahia hata mpira alioupenda, kutokula au kutokulala, usiuite ukali wa baba. Soma sehemu ya mwisho.

Dalili: aliyejifungua analia

Siku za kwanza baada ya kuzaa machozi ni mengi na hayana sababu. Kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki mbili. Katika siku hizo anahitaji kula, kulala mtoto akilala, na mtu wa kumpokea mtoto kwa muda wa saa mbili bila kumwambia anavyopaswa kumshika. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba angalau siku tatu. Siku tatu ni chache, basi baba azitumie kufua na kupika, wageni wa hongera waje baadaye.

Wiki mbili zikipita bado analia, hamtazami mtoto, anasema mtoto angekuwa na heri kwa mama mwingine, hiyo ni sonona baada ya uzazi. Inatibika, na dawa zipo ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia akiandikiwa. Mwambie nesi siku ya kliniki ya mtoto. Si lazima utafute siku nyingine. Akianza kusikia sauti, kuona watu wasiokuwepo, au kusema mtoto si wake, ni dharura ya usiku huo huo. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja.

Dalili: moyo mzito, na msimu umekwisha

Hii ndiyo ninayoiogopa. Mavuno yameingia, wageni wameondoka, mtu amelala wiki nzima, amekula, punje zimegawanywa, na bado anaamka asubuhi hataki siku ianze. Hapo tumemaliza sababu za msimu. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kwenda kumwona mtaalamu.

Wengi wanakwama kwenye jina la Mirembe. Tumekua tukilitumia kama tusi, "huyu ametoroka Mirembe", na sasa tunalo pale pale mjini hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaipita wakienda kuteseka nyumbani. Siyo lazima uanzie huko. Anza zahanati au kituo cha afya, watakuandikia rufaa ikihitajika. Lakini ukielekezwa Mirembe, nenda kama ungeelekezwa kwa daktari wa macho.

Mwenye mawazo ya kufa muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kaa naye. Ondoeni ndani ya nyumba dawa za kuulia wadudu, dawa za kuogeshea mifugo, vidonge vilivyobaki na kamba. Mpelekeni hospitali siku hiyo, watu wawili, mmoja akiwa yule anayempenda zaidi.

Ukifika chumba cha daktari, usiseme "naumwa tu" kwa kuona foleni ni ndefu. Chukua karatasi na uandike kabla hujatoka nyumbani: ilianza lini, unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, dawa gani umemeza pamoja na za mitishamba, na lile jambo moja ambalo hujamwambia mtu. Hilo la mwisho mara nyingi watu wanalisema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Liandike la kwanza, na ukishindwa kulitamka, mpe daktari karatasi alisome.